Glavu Zivuliwe Mwisho

Msimu huu wa pamba nimeitwa mara tatu kwenye stoo ambamo chupa ya kiuatilifu, yaani sumu ya kuua wadudu wa mazao, imepasuka, na mara zote tatu nimekuta kosa lile lile. Vifaa vimevaliwa: ovaroli ipo, gambuti zipo, miwani ipo, glavu zipo. Mkulima amemwaga mchanga mkavu juu ya sumu, ameuacha unyonye, amezoa kwa beleshi na kufunga kwenye ndoo yenye mfuniko. Kazi safi. Kisha anasimama mlangoni, anavua glavu, anazitupa chini, na kwa mikono mitupu anashika gambuti kuzivuta.

Hapo ndipo sumu aliyoikwepa nusu saa nzima inapomwingia.

Katika stoo moja wilayani Magu, kando ya Ziwa Victoria, chupa ya lita moja ilianguka kutoka kwenye rafu. Mwenye stoo, mzee mwangalifu ambaye mafunzo yetu hakosi, aliisafisha vizuri. Alivua glavu kwanza, akavuta gambuti kwa kushika kisigino, akafungua zipu ya ovaroli, akajipangusa jasho la paji la uso kwa kiganja. Mjukuu akamletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilipofika sahani ilikuwa imebaki nusu.

"Mzee wangu, umenawa?"

"Ninawe nini, bwana shamba? Si nilivaa glavu."

Tulimwogesha pale pale, lakini tulikuwa tumechelewa. Njiani kwenda hospitali mate yalimtoka bila kukoma, shati lililowa jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano na misuli ya mashavu ikawa inachezacheza. Hizo ni dalili za viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, ambavyo vimo katika baadhi ya dawa tunazopulizia pamba. Alilazwa siku nne. Jibu lake lile ndilo limenifanya niandike.

Tuelewane kuhusu ukali wa kilicho ndani ya chupa. Lebo ikisema mililita 50 kwa bomba la lita 20, basi sumu ya kwenye chupa ni kali mara 400 kuliko ile unayopulizia shambani. Aliyezoea kulowa mgongo kwa bomba linalovuja asifikiri anaijua sumu hiyo. Na ngozi yako haifyonzi sawa kila mahali. Katika vipimo vilivyofanywa kwa parathioni, sumu ya kundi hilo hilo la oganofosfeti, paji la uso lilifyonza takribani mara 4 kuliko ngozi ya mkono chini ya kiwiko, na korodani takribani mara 12. Kwa hiyo mwanamume anayevua glavu, akafungua ovaroli kwa mikono mitupu na kwenda moja kwa moja kujisaidia haja ndogo, amefanya jambo la hatari kuliko kukanyaga ile sumu akiwa na gambuti.

Niliwauliza wengine walikojifunza kuanza na glavu. Mama mmoja wa Sengerema alinijibu kwamba ndivyo nesi anavyofanya zahanati. Ni kweli nesi huvua glavu mapema akimaliza kufunga kidonda, lakini nesi hana gambuti zilizolowa sumu za kuvuta, na mikono huitakasa hapo hapo. Wewe una nguo yenye sumu kuanzia kifuani hadi miguuni, na kitu pekee kinachoweza kuishika nguo hiyo ni glavu. Ukizitoa, utaishika kwa nini?

Basi fanya hivi. Kabla hujaingia stoo, si baada ya kutoka, weka nje ndoo mbili za maji za lita 20, sabuni ya unga, brashi na mfuko mgumu wa plastiki. Wengi huingia kwanza kisha wanapiga kelele waletewe maji, na anayeyaleta ni mtoto mwenye miguu mitupu. Hilo sitaki kulikuta tena. Weka pia mtu mzima mmoja upande unakotoka upepo, yeye naye akiwa na glavu, akutazame na akukumbushe mpangilio, maana ukishachoka na joto la ovaroli akili inataka kumaliza tu.

Ukitoka, usivue chochote. Osha glavu zikiwa mkononi, kwa sabuni, kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, huku ukihesabu polepole hadi 60. Kuchovya na kutoa si kuosha. Kisha sugua gambuti kwa brashi, na nyayo zake pia. Vua aproni kwa kuikunja upande uliolowa uingie ndani. Fungua zipu, ushushe ovaroli huku ukiikunja nje-ndani hadi kwenye vifundo, kisha toka ndani ya ovaroli na gambuti kwa pamoja. Hili linawezekana tu kama suruali ilikuwa juu ya gambuti. Nawaona mnaochomeka suruali ndani ya gambuti kama askari wa gwaride: kila tone linaloteremka mguuni linaingia ndani ya kiatu na kukaa na soksi.

Osha glavu mara ya pili, hesabu tena hadi 60. Sasa ndiyo utoe miwani kwa kushika mkanda wa nyuma, halafu barakoa vivyo hivyo, usiguse upande wa mbele. Barakoa inakaa hadi hapa kwa sababu ovaroli inapokunjwa hutoa mvuke na vumbi. Halafu glavu. Usivute moja ikatoka kabisa: legeza kila kidole cha mkono wa kushoto kidogo, kisha cha kulia, rudia, hadi zote zimelegea, uzidondoshe ndani ya mfuko bila ngozi kugusa nje. Nawa kwa sabuni, oga mwili mzima na kichwa, ndipo ule, ndipo uvute sigara, ndipo umbebe mtoto.

Ukivua sawasawa unapunguza sana nafasi ya sumu kugusa ngozi yako.

Kuhusu glavu zenyewe: nunua za nitrile (aina ya mpira wa kiwandani), unene usipungue milimita 0.4 na urefu sentimita 30, zisizo na kitambaa ndani. Zile nyepesi za zahanati hazifai, kwa kuwa kiyeyushi kilichomo kwenye viuatilifu vya mafuta hupita haraka. Za ngozi na za pamba ni mbaya zaidi, hunywa sumu na kukushikia mkononi siku nzima. Kabla ya kuvaa, zijaze maji, kaba mdomo, minya. Tone moja likitoka, tupa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kwa sumu iliyomwagika ndani ya chumba unahitaji yenye kichujio cha mvuke. Kama huna, fungua milango, toka, usiingie.

Chupa ikipasuka na sumu kali ikakulowesha nguo, usisubiri kumaliza kuzoa. Toka sekunde hiyo hiyo, vua, mwagia ngozi maji mengi kwa dakika 15. Jicho nalo dakika 15 za maji safi yanayotiririka. Nenda hospitali na lebo ya chupa, maana daktari anatibu kulingana na sumu. Mwagiko mkubwa, au penye moto, si kazi yako wala yangu: piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Maji ya kuoshea yasikaribie ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na viuatilifu vya kundi la pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Mwenye stoo kule kwenye mialo ya wavuvi, pima hatua zako kabla ya kumwaga.

Ovaroli iliyolowa sumu isiyochanganywa na maji haifuliwi, inatupwa pamoja na mchanga ule. Mkanda na kandambili za ngozi vilevile. Iliyopata matone tu ifuliwe peke yake kwenye beseni lake, si ziwani, na mama au binti anayeifua avae glavu zake mwenyewe.