Namna ya kuandaa mas huni, kifungua kinywa cha Maldivi

Katika visiwa vya Maldivi mlo wa asubuhi hutegemea jodari na nazi, na jina lenyewe linakiri hivyo, kwani kwa Kidivehi mas ni samaki na huni ni nazi iliyokunwa.

Samaki anayefaa ni jodari mdogo, aina ya sehewa, aliyechemshwa kisha akafukizwa moshi. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyekaa visiwani humo kati ya mwaka 1343 na 1344, alieleza jinsi vipande vya samaki vilivyochemshwa kidogo, vikatiwa katika vikapu vya makuti na kutundikwa kwenye moshi, kisha vikapelekwa hadi Bara Hindi, China na Yemeni. Asiyempata samaki huyo wa moshi atumie jodari wa kopo na kumchuja vizuri, ingawa ataikosa harufu ya moshi, ambayo kwangu ndiyo nusu ya utamu.

Nazi ikunwe wakati uleule. Wamaldivi hutumia hunigondi, kigoda chenye ulimi wa chuma ambacho mtu wa pwani yetu angekiita mbuzi bila kuuliza. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui hayafai kabisa.

Kwa watu watatu, andaa kikombe 1 cha samaki aliyechambuliwa, kikombe 1 cha nazi, kitunguu 1, pilipili mbuzi 1 na ndimu 1. Kata kitunguu vipande vyembamba sana, ukifikiche kwa vidole pamoja na pilipili, chumvi na maji ya ndimu mpaka kilegee na kutoa maji yake. Hapa ndipo wenye haraka huharibu, kwa sababu kitunguu kisichofikichwa hubaki kikali na kuufunika mlo mzima. Ndipo utie samaki, na mwisho kabisa nazi, ukichanganya kwa wepesi, maana ukiikamua itatoa tui na chakula kitarojeka.

Mas huni huliwa kwa roshi, mkate mwembamba usio na tabaka kama za chapati zetu. Kanda vikombe 2 vya unga wa ngano kwa chumvi, vijiko 2 vya mafuta na maji ya moto, usukume madonge, kisha uyachome kwenye chuma kikavu. Pakua pamoja na chai ya rangi yenye sukari, wala usikilaze kilichobaki, kwa kuwa nazi mbichi huchacha upesi penye joto.