Ukicheza uchaguzi wa Weimar, ilinde Prussia

Mnaocheza Social Democracy: An Alternate History, ule mchezo wa kadi wa kuiongoza SPD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia cha Ujerumani, kuanzia 1928, enzi za Jamhuri ya Weimar, msilewe ushindi wa mwanzo. Uchaguzi wa Mei 1928 uliipa SPD asilimia 29.8 ya kura, Wanazi 2.6 tu. Septemba 1930 Wanazi hao hao wakaingia bungeni na viti 107.

Wengi humalizia nguvu zao kwenye kampeni na miungano ya bungeni. Mimi naona ngome yenu halisi ni serikali ya jimbo la Prussia chini ya Otto Braun wa SPD: zaidi ya nusu ya Wajerumani waliishi humo, na polisi wake walikuwa wengi. Kansela Papen aliinyakua Julai 20, 1932 kwa amri ya rais, na SPD ikaenda mahakamani badala ya kupambana. Basi imarisheni polisi na Reichsbanner, kikosi cha kiraia cha kuilinda jamhuri, mapema, kabla mambo hayajachacha.

Halafu ajira. Serikali ya kansela Müller wa SPD ilianguka Machi 1930 kwa ugomvi wa michango ya bima ya wasio na kazi. Mpango wa WTB (herufi za waandishi wake: Woytinsky, Tarnow na Baade), wa kukopa ili watu wapewe kazi za umma, viongozi wa chama waliukataa 1932, Hilferding, mchumi wa chama, akiwa mstari wa mbele kuupinga. Ukipata nafasi ya kuusukuma, usukume, hata wachumi wako wakinuna.

Wakomunisti? Wanawaita nyinyi mafashisti. Msiwabembeleze sana mwanzoni.