Kabla Hujahamia Viatu Vyepesi vya Kukimbilia

Kiatu chepesi hakipunguzi mzigo wa mbio, kinauhamisha tu. Kisigino cha kiatu kikishuka na sponji ikipungua, sehemu ya kazi iliyokuwa ikibebwa na goti inaangukia misuli ya shavu la mguu, kano ya kisigino na mifupa myembamba ya wayo. Ndiyo maana wenye magoti yanayouma huvipenda viatu hivi, na ndiyo maana baadhi yao baada ya wiki chache huanza kulalamikia kisigino. Maandalizi yanatakiwa yaanze na sehemu hizo zinazopokea mzigo mpya, tena kabla hujatoa pesa dukani.

Kijue kwanza kiatu unachovaa sasa. Angalia uzito, unene wa soli, na tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele. Kiatu cha kawaida chenye sponji nyingi huwa na gramu 250 hadi 320, soli ya milimita 30 au zaidi kisiginoni, na tofauti ya kimo ya milimita 8 hadi 12. Vyepesi kabisa, vyenye soli nyembamba, mara nyingi huwa chini ya gramu 200 na tofauti ya 0 hadi 4. Kano ya kisigino husumbuliwa zaidi na tofauti hiyo ya kimo kuliko uzito, kwa hiyo usichague kiatu kwa kukipima mkononi tu. Aliyezoea milimita 10 asirukie 0. Apitie 5 au 6 kwanza, akae hapo miezi mitatu au minne, ndipo ashuke tena.

Halafu upime mwili. Simama peku kwa mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta ili usiyumbe, unyanyue kisigino hadi juu kabisa na kukishusha taratibu. Lenga mara 20 hadi 25 kwa kila mguu, goti likiwa limenyooka na kisigino kikifika kimo kilekile hadi mara ya mwisho. Kisha elekea ukuta, dole gumba la mguu likiwa sentimita 10 kutoka ukutani, ukunje goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Lisipofika, kifundo cha mguu ni kigumu, na kiatu bapa kitaivuta kano katika kila hatua. Mwisho, nyanyua dole gumba peke yake, vidole vinne vikibaki sakafuni. Jaribio hili la tatu hudharauliwa, lakini ndilo linaloonyesha kama misuli midogo ya wayo inakutii. Ukishindwa lolote, jipe wiki 6 hadi 8 za kunyanyua visigino, seti tatu, mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea peku ndani ya nyumba kila siku.

Dukani nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Toa soli ya ndani ya kiatu, iweke chini, usimame juu yake kwa uzito wako wote. Kidole kikivuka ukingo, hasa kile kidogo, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama urefu unakufaa. Wayo hutanuka unapotua, na sponji ikiwa chache unahitaji vidole vipate nafasi ya kutanuka.

Wiki ya kwanza tembea navyo tu. Wiki ya pili kimbia dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa wiki, ukiacha siku mbili katikati. Fanya hivyo mwanzoni mwa mazoezi, misuli ikiwa haijachoka, kisha vaa viatu vya zamani umalizie. Ongeza dakika 5 kila wiki, na usiguse milima wala mbio za kasi kwa miezi miwili. Fupisha hatua: kama unapiga hatua 160 kwa dakika, jaribu 168. Usijilazimishe kukimbilia ncha za vidole. Hilo ni kosa la kawaida, na shavu la mguu ndilo linaloumia. Acha kisigino kiguse ardhi.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mifupa. Mfupa ukipata mzigo mpya, mwili huondoa kwanza sehemu za zamani kabla ya kujenga mpya, hivyo kwa wiki kadhaa mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ufa hutokea katikati ya kipindi hicho, wakati mkimbiaji anajiona ameshazoea. Maumivu ya misuli huenea na hupungua baada ya siku mbili. Ya mfupa hukaa sehemu moja: bonyeza kwa ncha ya kidole juu ya wayo, nyuma ya kidole cha pili na cha tatu. Ukipata nukta inayouma, acha kukimbia siku hiyohiyo ukamwone daktari. Kano ya kisigino inayokakamaa asubuhi nayo ni onyo. Rudi hatua mbili nyuma katika ratiba.

Wengi wanaosifu viatu vyepesi humtaja Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Lakini Tokyo, 1964, alishinda tena, safari hiyo akiwa amevaa viatu.

Mwenye kisukari kilichomwondolea hisia za miguu, au aliyewahi kupata ufa wa mfupa wa wayo, azungumze na daktari kabla ya kununua. Na kama una shindano ndani ya miezi mitatu, subiri lipite. Viatu vya zamani usivigawe bado; mbio ndefu za kila wiki ziendelee navyo hadi vile vyepesi vimudu saa nzima bila maumivu kesho yake.