Toa pip._internal ndani ya msimbo wako

Programu nyingi zilizoandika `from pip.req import parse_requirements` zilikufa siku pip 10 ilipotoka, Aprili 2018 (pip ndiyo programu inayosakinisha pakiti za Python): moduli zake za ndani zilihamia `pip._internal`. Kuongeza `_internal` kwenye mstari huo si dawa. Alama ya `_` mbele ya jina inasema wenye maktaba wanaweza kulibadilisha leo au kesho bila kukuarifu, programu yako ikafa tena, na mtumiaji wa Goma anayenunua mega za intaneti kidogo kidogo ndiye atakayepakua upya.

Kwanza tafuta mistari ya aina hiyo ilipo:

`grep -rnE "pip\._internal|from pip" --include="*.py" .`

Kusakinisha, ita pip kama programu ya nje:

`subprocess.check_call([sys.executable, "-m", "pip", "install", "requests"])`

`sys.executable` ni njia ya Python inayoendesha programu yako. Usiandike "pip" tupu badala ya `sys.executable, "-m", "pip"`, inaweza kuwa pip ya Python nyingine, na pakiti ikaenda mahali ambapo programu yako haiioni. Kosa hili linasumbua sana, maana usakinishaji unaonekana umefaulu.

Kujua toleo lililopo, `importlib.metadata.version("requests")` inatosha kuanzia Python 3.8.

Kazi kubwa iko kwenye `requirements.txt`, faili la orodha ya pakiti ambazo programu inahitaji. Badala ya `parse_requirements`, `Requirement` ya `packaging.requirements` (kutoka maktaba ya `packaging`) inasoma sharti moja tu, si faili zima. Ruka mistari mitupu, kata maelezo yanayoanza na `#`, na mistari ya `-r` (inayoita faili jingine la orodha) au `-e` (pakiti inayosakinishwa ikiwa bado inahaririwa) ishughulikie kando, la sivyo utapata `InvalidRequirement`.

Kisha endesha majaribio kwa matoleo mawili ya pip, la zamani na jipya, kabla ya kutuma mabadiliko.