Kabla ya kunoa kisu, kikague kwanza

Kisu kikianza kuteleza badala ya kukata, usikimbilie kukinoa. Mara nyingi makali hayajaisha, yamepinda tu. Kipitishe mara tano sita kila upande kwenye ile fimbo ya chuma ya kunyooshea makali, kisha ukijaribu kwenye ukingo wa karatasi. Kikikata bila kuchana, basi, rudi kazini.

Kikigoma, hapo ndipo jiwe linahitajika, na kwangu mimi hakuna kinachoshinda kinoo chenye pande mbili: namba 1000 ya kunolea na namba 3000 au zaidi ya kulainisha (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi). Kama ni jiwe la maji, lilowe kwanza. Inamisha kisu nyuzi 15 hadi 20. Usiwe na haraka, na usibadilishe mwinamo, maana huo ndio unaojenga makali. Noa upande mmoja mpaka upapase upande wa pili kwa kidole, ukitoka mgongoni kuelekea nje ya makali, usikie kama unywele wa chuma unakwaruza. Ukiusikia kuanzia mpinini hadi nchani, geuza. Watu wengi huacha kabla ya hapo, kisha wanalilaumu jiwe.

Mashine za umeme ni za haraka, lakini hula chuma kingi, na zile za kasi zisizotumia maji zinaweza kuunguza makali yakapoteza ugumu. Kisu cha meno kina tupa yake nyembamba ya mviringo, jino kwa jino.