Vunja Kitu Kimoja: Kutunga Wimbo Usiofanana na Mwingine

Wimbo unaothubutu hupoteza wasikilizaji pale mtunzi anapobadilisha kila kitu kwa mkupuo. Anayeusikia Kondele, mtaa wa Kisumu, honi za bodaboda zikimzunguka, anahitaji kitu anachokijua cha kushikilia. Kwa hiyo tunga kwanza wimbo mzima wa kawaida, sauti na gitaa moja, uurekodi kwenye simu. Kisha chagua kitu kimoja cha kuvunja.

Unaweza kuvunja mpangilio. Kwenye benga, muziki wa magitaa uliotokana na Waluo, mwimbaji mara nyingi hutangulia, halafu magitaa hushika kasi na watu wakainuka kucheza. Geuza: fungua kwa ile sehemu ya kasi, mapigo 32, kisha zima vyombo vyote kwa pigo moja kabla ya sauti kuingia. Ukizima kwa mapigo manne, msikilizaji atadhani wimbo umekatika.

Au vunja ala, na hapa Kisumu tuna utajiri usiotumika vya kutosha. Nyatiti, ala ya Waluo, ina nyuzi 8, na wengi huilazimisha ifuate kibodi. Nyuzi za nyatiti hukazwa kufuata sauti ya mwimbaji, kwa hiyo noti zake mara nyingi huangukia kati ya vibonyezo viwili vya kibodi. Ukipiga juu yake kodi nzito, yaani noti kadhaa za kibodi kwa pamoja, vyote viwili vitasikika vimepotoka. Nyamazisha kibodi, kaza au legeza nyuzi za besi hadi zikubaliane na nyatiti. Ondoa pia ngoma ya kompyuta, maana oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, hugongwa kwenye nyatiti yenyewe na kubeba mdundo. Weka maikrofoni moja kwenye nyuzi na ya pili karibu na mguu, la sivyo mlio huo wa pete utamezwa.

Au vunja maneno: fungu kama “moyo wangu unakulilia” limechoka. Onyesha kitu: “Kanga yako ingali kwenye kamba, mvua imeifua mara tatu.” Imba mstari huo polepole ukisikiliza mkazo. Noti ndefu ikiangukia “-mba” ya “kamba”, neno linavunjika. Isogeze hadi “ka-”.

Sasa wachezee watu watano wasiokujua matoleo yote mawili, la kawaida na lililovunjwa. Usiwaulize kama ni mazuri, watakubali kwa adabu tu. Wakishasikiliza mara mbili, waombe waimbe kiitikio. Wakishindwa yote mawili, kiitikio chenyewe ni dhaifu, kitunge upya. Wakiweza la kawaida tu, melodi imefunikwa: punguza vyombo, lakini wazo lenyewe libaki.