Kuovakloki kompyuta kwa ajili ya VR: anza na miwani

Machalii wengi wanaoleta kompyuta kwangu hapa Arusha wana ombi moja, kuovakloki, yaani kuiendesha kwa kasi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani: "Fundi, ipandishe mpaka mwisho." Kwa gemu za kwenye skrini sina ubishi. Kwa VR, gemu za kuvaa miwani inayokuzungushia picha pande zote, nakataa. Miwani ikiwa kwenye 90 Hz, yaani picha 90 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 11 tu za kumaliza kila picha (fremu). Fremu zikianza kuchelewa, macho yanaona kimoja na mwili unahisi kingine, na mchezaji anaishia kuishika meza kwa kichefuchefu. Tunachotafuta ni kasi isiyoyumba, hata kama namba yenyewe si ya kujivunia.

Hatua ya 1: Chagua miwani kabla ya kugusa kompyuta

Miwani ndiyo inayoamua kompyuta itabeba mzigo gani, kwa hiyo itangulie.

Pima umbali kati ya mboni za macho yako. Simama mbele ya kioo, laza rula juu ya pua. Fumba jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kushoto, fungua la kulia, soma namba. Watu wazima wengi huangukia karibu na mm 63. Meta Quest 3S ina nafasi tatu tu: 58, 63 na 68. Mwenye 63 hana shida nayo, ila mwenye 65 au 66 atabaki katikati ya nafasi mbili na maandishi hayatamkaa sawa. Quest 3 ina gurudumu linalokwenda taratibu kuanzia 58 hadi 71, na lenzi zake zinaonyesha vizuri hadi pembeni. Hela ikiruhusu chukua hiyo. Isiporuhusu, 3S ina prosesa ileile na haitakuangusha.

Kwenye miwani ya mtumba kuna mtego mmoja. HP Reverb G2 na wenzake wa Windows Mixed Reality huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu Microsoft iliuondoa mfumo huo kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Muuzaji atakuonyesha ikiwaka kwenye kompyuta yake ya Windows 10, na hatakuwa amekudanganya. Ukiichomeka kwako kwenye 24H2 ndipo utajua. PlayStation VR2 nayo inafanya kazi kwenye kompyuta kwa adapta iliyotoka mwaka 2024, lakini inataka tundu la DisplayPort 1.4, ambalo laptop nyingi hazina.

Kabla hujalipa, vaa, washa, fungua ukurasa mweupe mtupu. Tafuta doa au mchirizi usiohama ukigeuza kichwa. Hiyo ni alama ya jua: lenzi hukusanya mwanga na kuunguza skrini iliyo nyuma yake, na jua letu la saa saba halihitaji muda mrefu. Ukishanunua, usiiache dirishani wala kwenye dashibodi ya gari.

Hatua ya 2: Umeme na vumbi

UPS (betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika) iliyoandikwa 650VA haitoi wati 650. Nyingi zinatoa karibu wati 360 hadi 390. Kompyuta yenye kadi ya grafiki ya wati 220, prosesa, feni na monita inafika hapo bila kuovaklokiwa. Ukiongeza mzigo, siku umeme ukikatika UPS italia na kuzima papo hapo, uwe na betri mpya au la. Piga hesabu hiyo kwanza. Kusasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) bila UPS katika mtaa ambao umeme unachezacheza, usithubutu.

Fungua kasha, puliza vumbi huku umeshika feni zisizunguke. Kama prosesa inapata joto hata ikiwa imekaa tu, badilisha pesti iliyo kati yake na hitisinki, kile chuma cha kupoza.

Hatua ya 3: Angalia kama mashine inakubali

Mashine za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zimejaa madukani kwetu na watu huziwekea kadi ya grafiki. BIOS zake hazikuruhusu kuovakloki prosesa, usihangaike nazo. Nenda moja kwa moja kwenye kadi. Kwa kuovakloki prosesa ya Intel unahitaji yenye herufi K kwenye jina lake, na bodi mama (motherboard) ya aina ya Z. Prosesa nyingi za AMD Ryzen zinakubali kwenye bodi za B na X, lakini si A520.

Ukiwa ndani ya BIOS, washa XMP au EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake. Utashangaa ni RAM ngapi za DDR5 zilizonunuliwa kwa 6000 zinazokimbia 4800 kwa sababu hakuna aliyebonyeza hapo.

Hatua ya 4: Kadi, kwa kupunguza volti

Hapa ndipo penye faida. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, bonyeza Ctrl na F upate mstari wa volti na kasi. Shusha mstari wote kwa kupunguza kasi ya kiini cha kadi (Core Clock) kiasi cha MHz 250, hifadhi, kisha shika nukta ya 900 mV uipandishe hadi 1,850 MHz na uhifadhi tena. Nukta zote za kulia kwake zitalala usawa huo. Kwa kadi nyingi za Nvidia RTX 30 hapo ni pazuri pa kuanzia: kasi inabaki karibu ileile, wati zinapungua, feni zinatulia, na UPS yako inapumua. Ikishika vizuri, panda kwa 15 MHz kila mara.

Memori ya kadi iongeze kwa MHz 100, ukipima kila hatua kwa Superposition, programu inayoipa kadi kazi nzito na kuipa alama. Usingoje igande. Kadi nyingi za sasa husahihisha makosa ya memori kimyakimya, kwa hiyo dalili ya kuzidisha ni alama hizo kushuka wakati umeongeza kasi. Zikishuka, rudi nyuma hatua mbili.

Pima saa nane mchana, mlango ukiwa umefungwa. Kipimo cha usiku wa Julai hapa Arusha hakitakusaidia Februari, na aliye Moshi aache nafasi zaidi ya joto.

Hatua ya 5: Kipimo cha mwisho ni ndani ya miwani

Kadi inapotuma picha kwenye Quest inafanya pia kazi ya kuibana kama video, kazi ambayo Superposition haiigusi. Kwa hiyo cheza gemu nzito nusu saa huku grafu ya muda wa fremu ya SteamVR, programu inayoendesha gemu za VR kwenye kompyuta, ikiwa wazi. Mstari uwe chini ya milisekunde 11. Ukiona miiba (mstari ukiruka juu ghafla) inayorudi kila baada ya muda, angalia kwanza Wi-Fi kabla ya kulaumu kadi: kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa waya, miwani iwe kwenye 5 GHz, ruta iwe chumba hichohicho. Miiba ikibaki hata kwa waya wa USB 3, shusha 15 MHz na upime tena.

Kitufe cha Afterburner cha kuweka mpangilio kila Windows inapowaka kiache kimezimwa mpaka upite hatua hii. Ukishapita, hifadhi mpangilio kwenye namba 1, ndipo ukiwashe.